Mgombea umpime kwa Katiba: mwongozo kamili wa kutumia misingi ya nchi kabla hujapiga kura

Kuna kifungu kwenye Katiba yetu ya Tanzania watu wengi hawajawahi kukisoma, na mimi mwenyewe nilikifikia nikiwa nimeshapiga kura mara tatu. Ni ibara ya 7, ibara ndogo ya 2. Kwa maneno ya kawaida kinasema hivi, hii misingi mikubwa ya nchi iliyoandikwa kuanzia ibara ya 6 mpaka ya 11, ile ya kwamba serikali ipo kwa ajili ya ustawi wa watu, utajiri wa nchi uwe wa wote, dhuluma na rushwa viondoshwe, hakuna mahakama yoyote nchini yenye uwezo wa kuitekeleza. Yaani huwezi kwenda mahakamani Mbeya mjini ukasema serikali haikujali ustawi wangu kwa mujibu wa ibara ya 8, kesi haitasikilizwa kwa msingi huo.

Nilikaa na hicho kifungu siku nzima nikiwa shambani napalilia. Sasa kama hakimu haruhusiwi kuisimamia hii misingi, nani anaisimamia? Jibu nililolipata ni mpiga kura, yaani mimi na wewe na bibi yako. Kura ndo hukumu yenyewe. Lakini hukumu inataka ushahidi, inataka kusikiliza pande zote, na sisi tumezoea kuhukumu kwa kofia, kwa nyimbo na kwa "huyu ni wa kwetu". Ndo maana nimeandika huu mwongozo. Nimeuandika kwa mazingira ya huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, mimi ni mkulima wa viazi Umalila, mkoani Mbeya, lakini mtu wa Mufindi, Makete, Rungwe au Ludewa atauelewa bila shida.

Najua wapo watakaosema kura ina maana gani siku hizi. Uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 uliacha vifo na majonzi nchini na siwezi kumwambia mtu aliyeumia kwamba asiumie. Ninachosema ni kwamba hata hilo lenyewe linapimwa kwa misingi hii hii. Ibara ya 8 inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote. Kwa hiyo uchaguzi wowote ujao, wa kijiji au wa nchi, mgombea aulizwe anasimama wapi kwenye hilo na asikubaliwe akilikwepa.

Hatua ya kwanza: ipate misingi kwa maneno yake yenyewe

Usianze na mtu, anza na maandishi. Katiba ya mwaka 1977 ipo kwa Kiswahili, faili lake linapakuliwa bure kwenye simu, na kama huna bando nenda steshenari yoyote Mwanjelwa au Iringa mjini wakufotokopie kurasa chache tu. Unahitaji dibaji, ibara ya 8 na ibara ya 9, basi. Ni kama kurasa nne hivi.

Dibaji inafungua kwa kusema sisi wananchi tumeamua kujenga jamii inayozingatia misingi ya uhuru, haki, udugu na amani. Maneno manne. Ibara ya 8 inaongeza manne mengine ya kazi zaidi, wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, lengo kuu la serikali ni ustawi wa wananchi, serikali itawajibika kwa wananchi, na wananchi watashiriki katika shughuli za serikali yao. Ibara ya 9 ndo ndefu, ina orodha ya mambo ambayo serikali na vyombo vyake vyote vinatakiwa vielekee huko: utu wa mtu uheshimiwe, utajiri wa taifa utumike kwa manufaa ya wote na mtu asimnyonye mwenzie, dhuluma, vitisho, ubaguzi, rushwa, uonevu na upendeleo viondoshwe, na matumizi ya mali ya nchi yaelekezwe zaidi kwenye kuondosha umaskini, ujinga na maradhi. Wazee watakwambia hao maadui watatu wanawajua tangu uhuru wa 1961.

Kuna watu watakuuliza mbona hujaanza na Azimio la Arusha la Februari 1967. Azimio nalisoma na nalipenda, lile sharti la kwamba kiongozi asiwe na mishahara miwili wala nyumba za kupangisha lingetusaidia sana leo. Lakini lilikuwa azimio la TANU, chama tawala cha wakati ule, na masharti hayo ya viongozi yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991 hata kabla vyama vingi havijarudi 1992. Ukimpima mgombea wa chama kingine kwa Azimio atakwambia hiyo siyo yangu. Katiba hawezi kuikataa, ataapa kwayo. Na kwa taarifa yako hiyo Katiba bado inasema nchi itawaliwe kwa misingi ya demokrasia na ujamaa, na mwishoni kabisa, ibara ya 151, inaeleza huo ujamaa maana yake nini, inataja demokrasia, kujitegemea, uhuru, usawa, udugu na umoja. Soma mwenyewe.

Ukishasoma chukua kaunta buku, andika misingi mitano tu unayoona inagusa maisha yako zaidi. Mitano, sio ishirini. Mimi yangu ni hii: mamlaka ni ya wananchi, ustawi, mali ya wote, hakuna dhuluma, hakuna ubaguzi.

Hatua ya pili: kila msingi ugeuze uwe swali la kijijini kwako

Hapa ndo penye kazi na hapa ndo nitakaa sana, maana misingi ikibaki juu juu kila mgombea anaikubali. Hakunaga mtu atapanda jukwaani aseme mimi napenda dhuluma. Wote watasema haki, wote watasema amani. Msingi unaanza kuuma pale unapoushusha mpaka kwenye udongo.

Chukua "hakuna dhuluma". Huku kwetu dhuluma ina jina, inaitwa lumbesa. Kwa ambaye hajui, dalali anakuja shambani mnakubaliana bei ya gunia, halafu vijana wake wanajaza gunia mpaka mdomoni, wanaongeza viazi juu, wanafunika na kipande cha gunia lingine na kushona kwa kamba mpaka linakuwa na kichwa kama mtu aliyejifunga kilemba. Bei ni ile ile ya gunia moja. Mwaka mmoja nilimuomba jirani mzani wake nikapima moja kabla halijapakiwa, likasoma kilo 128. Gunia kwa taratibu za vipimo halitakiwi kuzidi kilo 100. Zile kilo 28 nilizilima, nilizinunulia mbolea, nilizibeba mgongoni kutoka bondeni, na nilizitoa bure. Kwa hiyo kwenye kaunta buku yangu mbele ya neno dhuluma sikuandika kitu kikubwa, niliandika "Kuhusu lumbesa atafanya nini, kwa njia gani, na nani atakuwa upande wake?"

Mtu wa Mufindi huenda swali lake ni bei ya majani mabichi ya chai au kibarua kulipwa kwa wakati. Wa Ludewa ana makaa ya Mchuchuma na chuma cha Liganga, vimeongelewa tangu yeye mtoto, na swali lake linatoka moja kwa moja kwenye msingi wa mali ya wote, kwamba mwenye ardhi pale atalipwa nini, lini, na kijiji kitabaki na nini. Wa Mbeya mjini mwenye meza pale Kabwe ataandika habari ya ushuru na choo. Kila mtu na lake, ila lazima litoke kwenye msingi, usiandike tu shida ulizonazo. Tofauti ni kwamba shida inakufanya uombe, msingi unakufanya udai.

"Mamlaka ni ya wananchi" mimi nimeigeuza hivi: mkutano mkuu wa kijiji ulikaa mara ngapi mwaka jana? Unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na wajumbe wake ni kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea. Mapato na matumizi yanasomwa pale. Tena kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi bila mkutano mkuu kukubali. Sasa kama mikutano haikai, ardhi inayogawiwa inagawiwa na nani? Swali hilo moja limewahi kunyamazisha watu nilioamini ni waongeaji.

"Ustawi" niligeuza ikawa: mama mjamzito akishikwa na uchungu saa nane usiku mwezi wa tatu, barabara ni tope na ukungu umeshuka huoni hata mkono wako, anafikaje hospitali na atakuta nini? Hapo unakuwa umeuliza barabara, gari la wagonjwa, mhudumu wa zamu na dawa, vyote kwa pigo moja, na mgombea akijibu kipande tu unamuona.

"Mali ya wote" kwangu ni ushuru wa mazao. Kila gari la viazi linalopita getini linaacha hela. Mwaka mzima zilikusanywa ngapi, na ngapi zilirudi huku zilikotoka? Hiyo ni hesabu, ina jibu.

Na "hakuna ubaguzi" nimeandika maswali mawili mafupi, mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile ya asilimia 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu, inawafikia akina nani, na mjane wa hapa akinyang'anywa shamba na ndugu wa marehemu, nani atamsimamia.

Hatua ya tatu: jua cheo chenyewe kazi yake ni ipi

Fupi lakini usiiruke. Tunamuuliza mbunge kwa nini hajajenga choo cha shule na tunamuacha diwani bila swali. Mbunge kwa ibara ya 63 kazi yake ni kuisimamia na kuishauri serikali, kuuliza mawaziri maswali, kujadili bajeti za wizara, kupitisha mpango wa maendeleo, kutunga sheria na kuridhia mikataba. Diwani anakaa kwenye baraza la madiwani linalopitisha bajeti ya halmashauri na sheria ndogo, zikiwemo za ushuru, na ndiye anaongoza kamati ya maendeleo ya kata. Mwenyekiti wa kijiji au mtaa anaitisha na kuongoza mikutano. Lumbesa na ushuru kwa hiyo naanza na diwani. Mikataba ya madini na bei ya mbolea napeleka kwa mbunge. Mikutano na ardhi, mwenyekiti. Kaunta buku yangu ina safu tatu kwa ajili hiyo.

Na kumbuka Katiba yetu bado inataka mgombea ubunge apitie chama. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila, ambaye kwao ni Ludewa, alipigania mgombea binafsi mahakamani kwa miaka, mpaka Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu kule Arusha ikampa ushindi 2013, ila ibara ya 67 imebaki vile vile. Maana yake ukimpima mtu unapima na chama kilichomleta, soma ilani yake angalau ukurasa wa kilimo na wa afya.

Hatua ya nne: tafuta ushahidi, sio sifa

Kama mtu alishawahi kushika cheo, una bahati, ushahidi upo. Kwa mbunge, Bunge linatoa taarifa rasmi za majadiliano kwenye tovuti yake, neno kwa neno, unaweza kutafuta jina lake uone kwa miaka mitano aliuliza nini. Mpe kijana wa kidato cha nne hiyo kazi, atamaliza jioni moja. Usihesabu tu mara ngapi kaongea, angalia kaongelea nini. Mtu kaongea mara arobaini, thelathini na tano ni pongezi, huyo hajasimamia kitu.

Kwa halmashauri, kuna ripoti ya Mkaguzi Mkuu, CAG, inatoka kila mwaka, huwa inafika bungeni mwezi wa nne. Tafuta ripoti ya serikali za mitaa, tafuta jina la halmashauri yako. Utaona imepata hati ya namna gani. Hati inayoridhisha ni nzuri lakini isikulaze, maana yake hesabu zimeandikwa inavyotakiwa, haina maana kila shilingi imefanya kazi ya maana. Hoja za ukaguzi zinazorudi mwaka hadi mwaka ndo za kuziandika, kwa sababu madiwani walikaa nazo mezani na hawakuzimaliza.

Kwa kijiji, nenda ofisi ya mtendaji ukaangalie ubao wa matangazo. Mara ya kwanza nilipoenda kwa makusudi hayo nilikuta karatasi ya mapato na matumizi imebandikwa kwa gundi, mvua imeipiga upande mmoja, wino umemwagika, tarehe iliyobaki ilikuwa ya miaka miwili nyuma. Nilipiga picha na simu. Sikugombana na mtu, sikurusha kwenye grupu la WhatsApp, niliitunza tu na tarehe. Hiyo ni ushahidi kuliko maneno ya watu kumi.

Kwa mgombea mpya kabisa ushahidi ni maisha yake kabla ya kampeni. Alikuwa kwenye AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima? Fedha za wanachama ziliendaje? Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule, je aliwahi kusoma hesabu mbele ya wazazi? Vibarua wake anawalipa? Waulize hao vibarua, sio ndugu zake. Na uulize pande mbili, anayempenda na asiyempenda, maana fitina nayo ipo na msingi wa haki unamhusu hata mgombea, asihukumiwe kwa uvumi. Mimi kila jambo naliweka alama, nililoliona mwenyewe, nililoambiwa na aliyeliona, na nililolisikia sikia. Hilo la mwisho silihesabu.

Hatua ya tano: simama uulize

Mkutano wa kampeni una namna yake, mziki, kelele, mgombea anachelewa, anaongea, anaondoka. Nafasi ya maswali ni dakika kumi mkibahatika. Kwa hiyo jipangeni kabla, watu watatu au wanne, kila mmoja swali moja, fupi, lenye namba au jina la mahali ndani yake. Muwekeni mbele mtu anayeheshimika na asiyejulikana kuwa wa chama chochote.

Sisi tulimuweka mama yangu mdogo. Mgombea udiwani alikuwa kijana wa umri wa wanae, akaanza kwa adabu nzuri, "Mama zangu, shikamooni." "Marahaba mwanangu," mama mdogo akasema, akasimama taratibu akijifunga kanga upya. "Mimi swali langu dogo tu. Gunia la viazi, kwa sheria, ni kilo ngapi?"

Yule kijana akamuangalia mpambe wake, mpambe akaangalia chini. "Hilo mama nitalifuatilia." Mama mdogo akamshukuru, "Ndaga," akakaa. Hakumzomea na hakuna aliyezomea.

Wiki iliyofuata akaja mwenzie wa chama kingine, mama mdogo akasimama tena na swali lile lile. Huyu akajibu, "Kilo mia mama. Lakini sitakudanganya, nikikataza lumbesa kwenye kata hii peke yake madalali watahamia kata ya pili na viazi vyenu vitaozea hapa. Ninachoweza ni kulipeleka baraza, kata zote zinazolima viazi ziwe na mzani na sheria ndogo moja." Angalia hilo jibu. Anajua kitu, anakiri mipaka yake, anataja chombo kinachohusika. Sikusema ni mtu mzuri wa kuoa, nasema alijibu kama mtu anayewajibika. Alichaguliwa huyo. Mzani ulikuja baada ya misimu miwili na lumbesa za usiku bado zipo, tunaendelea nalo.

Hatua ya sita: zawadi

Hapa nitasema langu maana sitaki mtu adhani naandika kutoka juu. Uchaguzi wa pili niliopiga kura nilipokea elfu tano na kanga. Nikampigia yule mtu, niliona aibu nisipompigia, tumelelewa kwamba ukila cha mtu una deni. Miaka miwili baadaye zahanati yetu ilikuwa imefika kwenye lenta na imesimama, nikamfuata nikamuuliza. Akaniambia mbele ya watu, "Mama, si tulishamalizana?" Sijawahi kusahau hilo neno. Aliona amenunua, na ukishanunua kitu huwajibiki tena kwa aliyekuuzia.

Kuna wakati sheria yenyewe iliruhusu kitu kinaitwa takrima, ati ukarimu wa kimila wakati wa kampeni. Mahakama Kuu mwaka 2006 ikatamka hiyo ni kinyume cha Katiba, kwa sababu inawabagua wagombea wasio na hela na inaharibu uchaguzi. Tangu hapo hakuna cha ukarimu, ni rushwa, na TAKUKURU wana namba ya bure 113. Ushauri wangu, ukiletewa usichukue. Watu wanasema kula kwake kura kwako, nimeona mara nyingi isivyofanya kazi hivyo, mkono uliopokea huwa mzito kuinuka kuuliza. Na kama mama yako mzee amepokea chumvi na sabuni, usimgombeze, kaa naye umwambie kwa upole kwamba ile haimfungi, kura ni siri.

Hatua ya saba: chuja kwanza, ndo upime

Watu wengi wakifika hapa wanataka kutoa maksi, huyu sita, yule nane, wanajumlisha. Mimi siwashauri. Ukijumlisha, mtu aliyeleta barabara na maji anapata maksi nyingi zinafunika kwamba alimtishia mtu aliyemuuliza swali mkutanoni. Kwa hiyo chekecha kwanza. Kuna mambo yakithibitika mtu anatoka hata awe na mema mengi: kanunua kura, kaiba cha umma, kawabagua watu kwa kabila, dini au jinsia, katisha au kuumiza mtu kwa ajili ya siasa. Waliobaki kwenye chekeche ndo unawalinganisha kwa yale maswali yako matano, nani kajibu, nani ana rekodi.

Halafu kuna misingi kugongana, na hili huku kusini tunalijua kwa damu. Ujamaa vijijini maandiko yake yalisema watu wajiunge kwa hiari. Kule Litowa, Songea, wakulima walijiunga wenyewe mwanzoni mwa miaka ya 60, wakapanga mambo yao, wakawa na shule yao, vijiji vikaongezeka mpaka zaidi ya kumi, na mwaka 1969 chama cha TANU kikaivunja jumuiya yao. Watu walikuwa wanaishi msingi wenyewe lakini hawakupewa mamlaka juu yake. Miaka miwili baadaye, siku ya Krismasi 1971, Isimani, mkuu wa mkoa wa Iringa Dk. Wilbert Klerruu, aliyekuwa akiusukuma ujamaa huko, alipigwa risasi na mkulima Saidi Mwamwindi, ambaye baadaye alinyongwa. Familia mbili zikaachwa na msiba na simsifu aliyeua. Ila 1973 kuhamia vijijini kukawa amri, na kila nikipita Isimani kwenye ile barabara ya kwenda Dodoma nafikiria kwamba udugu ni msingi na uhuru ni msingi, na ukiusukuma mmoja kwa kuukanyaga mwingine unavunja vyote viwili.

Kwa hiyo mgombea akikuletea jambo zuri, shamba kubwa la mwekezaji, bwawa, kituo cha mabasi, msingi wa ustawi upo hapo kweli, lakini uliza na msingi wa kushiriki: wenye ardhi walikaa kikao? Walikubali? Watalipwa kabla au baada? Jema linaloletwa bila kuuliza wenyewe mimi nalipa uzito mdogo, na hapo najua wapo ambao hatutakubaliana.

Na "wa kwetu"? Mnyakyusa kwa Mnyakyusa, Mhehe kwa Mhehe, Msafwa kwa Msafwa. Kusalimiana kamwene au mwagonile na mtu anayekuelewa ni raha, sikatai. Lakini hilo haliko hata kwenye msingi mmoja, na ibara ya 9 imeliweka upande wa vitu vya kuondoshwa, upendeleo. Liache nje ya kaunta buku.

Ikitokea wote wamekwama kwenye chekeche usikae nyumbani kwa hasira. Kuna vyeo vingine siku hiyo hiyo, unaweza ukakosa mbunge ukapata diwani. Pigia kile chenye mtu, na karatasi nyingine ni uamuzi wako na dhamiri yako.

Hatua ya nane: baada ya wino kukauka kidoleni

Fungua ukurasa mpya kwenye kaunta buku. Andika jina la aliyeshinda, hata kama sio uliyempigia, maana anawajibika kwako pia. Chini yake andika aliyoyaahidi kwa maneno yake mwenyewe, na tarehe aliyoyasema na mahali. Halafu hesabu miezi mitatu, andika tarehe ya mkutano mkuu wa kwanza wa kijiji unaotakiwa kufanyika, na baraza la madiwani nalo linakaa kila robo mwaka na mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza, panda Noah mwende watu wawili watatu.

Sisi mkutano wetu wa kwanza haukuitishwa. Tukaenda kwa mtendaji watu kumi na mmoja, asubuhi, tumekaa kwenye benchi la nje tukisubiri, mama mdogo akiwa na kaunta buku mapajani na ile picha ya karatasi iliyolowa kwenye simu yangu. Mtendaji ni binti mdogo, mpya, akasema hakuna aliyewahi kuja kumuuliza. Mkutano ulikaa wiki mbili baadaye, chini ya mti pale shuleni, na mapato na matumizi yakasomwa mstari kwa mstari mpaka jua likaanza kuzama. Kulikuwa na laki tatu na nusu za mchango wa madawati ambazo hazikuwa na stakabadhi. Mwenyekiti aliomba apewe mpaka mkutano ujao azieleze, tukaandika tarehe.

Karatasi mpya ipo kwenye ubao. Safari hii wameibandika kwa ndani, kwenye dirisha, mvua haiifikii.